Mama Tanuri Afungua Grupu

Mama Tanuri aliamka kabla jogoo hajawika, kama mtu anayewahi zamu. Hakuwa na zamu yoyote. Magoti yalimstaafisha kutoka kiwanda cha mikate, lakini mwili ulikuwa bado haujapata taarifa. Alichemsha chai ya vikombe viwili, akakumbuka yuko peke yake, akanywa vyote.

Mezani palikuwa na rundo la vitabu vipya, bado vinanukia wino. Kitabu hicho alikuwa amekiandika mwenyewe. Kilieleza jinsi wafanyakazi wa kiwandani walivyofundishana kazi kwenye grupu la simu. Huyu anapiga picha ya mkate uliopasuka, yule anamwambia alipokosea. Grupu hilo alilianzisha yeye.

Leo Jumamosi kitabu kilikuwa kinazinduliwa. Wiki nzima alikuwa ametangaza kwenye grupu: "Jumamosi asubuhi, ukumbi wa chakula wa kiwanda. Njooni wote." Hakuna aliyejibu.

"Watakuja," alijiambia. "Wale ni wanangu."

Alikwenda na muuguzi, jirani yake wa ghorofa ya chini, aliyembebea vitabu. Wakapanga viti, wakangoja. Mashine zilinguruma nyuma ya ukuta. Watu walikuwapo, tena karibu, ila hakuna aliyeingia. Mlinzi alichungulia, akawaamkia, akarudi getini.

Mama Tanuri alikunja kitambaa cha meza polepole.

"Wamenisahau," alisema. "Ukishatoka kazini, umeshatoka na mioyoni mwao."

"Usiseme hivyo, mama."

"Niseme nini, mwanangu? Viti unaviona."

Waliporudi nyumbani, muuguzi hakutaka kumwacha peke yake. Alimtazama akiivua kanga yake mpya na kuirudisha kabatini. Kisha akasema, "Mama, naomba nilione hilo grupu."

Alipitisha kidole kwenye simu. Matangazo ya Mama Tanuri yalifuatana, moja chini ya jingine. Hapakuwa na neno la mtu mwingine.

"Wamenyamaza tangu lini?"

"Tangu mvua zilizopita. Hata salamu hawanipi."

Muuguzi alibonyeza mahali, akasoma. "Mama, hawa hawajanyamaza. Umewafunga midomo. Grupu limewekwa hivi: anayeweza kuandika ni wewe tu. Wengine wanasoma."

Mama Tanuri alikumbuka. Siku moja grupu lilijaa vichekesho na picha za maua za kutakiana asubuhi njema. Alikasirika, akampigia binti yake aliyeko mbali, naye akamwelekeza pa kubonyeza. Alitaka kulifunga kwa siku moja tu. Basi, akasahau. Miezi yote hiyo alikuwa akiwanunia watu aliowafungia mlango yeye mwenyewe.

"Umeandika kitabu kizima cha watu kufundishana," muuguzi alisema kwa upole, "na ufunguo umeuweka mfukoni."

Mama Tanuri hakucheka. Aliona aibu.

"Nikilifungua, vichekesho je?"

"Vipe grupu lake. Sisi wodini tunayo mawili. La kazi ni la maswali na majibu. Hatuweki humo jina wala picha ya mgonjwa. Picha ya mwenzako huiweki bila kumwomba ruhusa. Ushauri ukija kutoka nje, tunamuuliza kwanza mkuu wa wodi, maana si kila kinachopita kwenye simu ni kweli. Na anayekosea hachekwi. Ukimcheka leo, kesho atakosea kimyakimya."

"Na mimi niandike nini?"

"Usitangaze, mama. Uliza."

Akalifungua. Aliandika, akafuta, akaandika tena: "Nililifunga grupu hili nikasahau. Nisameheni. Mngependa uzinduzi uwe lini?"

Simu ilikaa kimya. Aliilaza kifudifudi ili asiione. Chai ilikuwa imepoa simu ilipotetemeka.

Alikuwa Mrefu, kijana aliyeshika tanuri baada yake. "Shikamoo, Mama Tanuri. Tulidhani umetukasirikia. Siku hizi Jumamosi asubuhi tunaoka mkate mwingi, hakuna wa kutoka. Njoo Jumatatu, zamu zikibadilishana."

Mama Tanuri alisoma ujumbe ule mara nyingi. Kumbe walikuwa na jibu, ila hawakuwa na pa kuliandika.

Jumatatu zamu inayotoka ilikutana na inayoingia. Hakuna aliyekaa kitini. Mrefu alisoma ukurasa wa kwanza kwa sauti, na unga wa vidole vyake ukabaki kwenye jalada. Watu walipiga makofi, kisha kila mmoja akaenda zake: wengine nyumbani, wengine kazini.

Kesho yake Mama Tanuri alichemsha tena chai ya vikombe viwili. Nyumba ilikuwa tupu kama jana. Simu ikatetemeka. Mfanyakazi mgeni aliuliza, "Mama, hii mashine mpya inakanda kwa kasi, unga unapata moto. Nifanyeje?"

Zamani angetoa amri papo hapo. Sasa aliandika, "Mashine hiyo sijaiona, mwanangu. Sijui. Nani anajua?"

Majibu yakaja. Mmoja alisema atumie maji ya baridi sana. Mwingine alisema akande kwa muda mfupi zaidi. Mrefu akathibitisha yote mawili. Kuuliza si ujinga, na Mama Tanuri, uzee wote ule, alijifunza jambo jipya la mkate akiwa jikoni kwake.

Kisha Mrefu akaongeza swali lake: "Na magoti yanaendeleaje, Mama?"

Muda mrefu hakuna aliyekuwa amemuuliza hilo. Mama Tanuri alivaa miwani, akavuta kiti, akaanza kuandika. Jibu lilikuwa refu.