Msitu Uliopumzishwa

"Usinisogelee na viatu vyako vya ofisini. Hii ni asali ya watu."

Mrina asali alisema hivyo bila kugeuka, mikono yake ikiendelea kukamua masega juu ya chujio. Mpima ardhi akaganda mlangoni. Juzi tu alipoingia chumba hiki alilishwa asali kwa kidole. Leo alionyeshwa mgongo.

"Mpenzi, nipe nafasi nieleze."

"Eleza. Upande wa mashariki wa msitu wetu umeuandikaje kwenye ramani?"

Mpima akavitazama viatu vyake. "Hautumiki."

Ni yeye mrina aliyempeleka kule, wameshikana mikono. Akamweleza kwamba ukoo wao huupumzisha upande mmoja, hawakati mti wala kutundika mzinga, mpaka miche ikomae na maua yarudi kwa wingi, ndipo wahamie huko na kuupumzisha mwingine. Mpima alikuwa akitazama midomo yake, maneno yakampita. Hakuona njia wala moshi, akaandika alichokiona. Sasa kampuni ya mbao iliyomwajiri ilikuwa imeuomba upande huo, na kesho baraza la ardhi lingekata shauri.

"Sikuona mtu kule," akajitetea.

"Na kitanda changu mchana hakina mtu. Kimeshakuwa cha kampuni?"

Shangazi, aliyekuwa akifunga vifuniko vya chupa, alikohoa kuficha kicheko. "Mjibu, mkwe. Au mkwe wa zamani, sijui nikuiteje leo."

Mpima akasema ramani imeshapita, akiikana atafukuzwa kazi, na bila kazi watafunga ndoa kwa fedha gani? Angempangia nyumba nzuri mjini, wazee wangelipwa fidia. Hapo mrina akageuka.

"Posa yangu utaileta kwa nani, kwa visiki? Sisi hatutoki. Wakija na misumeno watatukuta tumesimama kati yake na miti. Nenda."

Jioni simu ya mrina ikalia. Ujumbe wa mpima: "Nakupenda kuliko kazi."

Akajibu: "Mimi usiniambie. Kawaambie waliokutuma."

Asubuhi ukumbi ulifurika. Ukoo mzima ulijipanga ukutani, wenye viti na wasio navyo. Meneja wa kampuni akaigonga ramani kwa kalamu, akasema ardhi ile imelala bure na haina mwenyewe. Mwenyekiti wa baraza akauliza kama kuna pingamizi.

Mrina akasimama. "Bibi zangu wamezikwa kule. Mwambie huyu bwana aliyelala bure ni yeye, aliyedhani tutanyamaza."

Minong'ono ilipotulia, mpima naye alikuwa amesimama. Meneja alimkonyeza akae. Hakukaa.

"Mwenyekiti, ramani hiyo nimeichora mimi, na ina kosa. Wenye msitu waliniambia wameupumzisha. Sikusikiliza. Naomba ifutwe."

"Kijana, unajua unachokipoteza?" meneja akauliza taratibu.

"Najua. Ningekaa kimya ningepoteza zaidi."

Baraza likalikataa ombi la kampuni, likaamuru upimaji mpya, safari hii wazee wa ukoo wakitangulia mbele. Meneja akanyoosha mkono. Mpima akamkabidhi funguo za gari la kampuni.

Alimkuta mrina nje, akifunga mizinga mipya kwenye baiskeli. Shangazi alijifanya anatazama mawingu.

"Sina kazi tena, na gari sina," mpima akasema. "Tumerudiana?"

"Bado."

Mabega yakamshuka. "Basi umeniacha."

Mrina akaikaza kamba ya mwisho, kisha akamtwisha mpima mzinga mmoja begani, mzito, unaonukia nta.

"Ndiyo shida yako. Kitu kikiachwa kitulie, wewe unasema hakina mwenyewe. Nimekupumzisha. Mwenyewe nipo."