Namba za Kubuni

Kila siku saa tisa alasiri, akitoka shule, Chiriku alipanda kilimani kwenye mtambo wa upepo uliozalisha umeme wa zahanati. Kazi yake ilikuwa kusoma kipimo cha kasi ya upepo na kuandika namba daftarini. Baba yake mdogo, fundi wa mtambo, alizihitaji ili achague breki ya kuzuia mapanga yasizunguke kupita kiasi.

Wiki ya kwanza alipanda kweli. Wiki ya pili jua lilimchosha, akajikalia nyumbani na kubuni: sita, saba, sita. "Nani atajua?" alijiambia.

Fundi hakumshuku hata kidogo. "Umenirahisishia kazi, mwanangu," alisema, akafunga breki ndogo.

Mwezi uliofuata, asubuhi moja, upepo ulivuma mpaka mabati yakalia. Breki ikazidiwa nguvu, mapanga yakazunguka kama yamepagawa. Fundi alikimbia kwenda kuuzima mtambo kwa mkono. Panga moja likakatika, likamkata vidole vitatu vya mkono wa kulia. Jokofu la zahanati likazimika, na chanjo za watoto wachanga zikaharibika zote.

Kamati ya zahanati ikaitisha kikao.

"Fundi, ulipiga hesabu vibaya," alisema mwenyekiti. "Tutatafuta mwingine."

Fundi aliutazama mkono wake uliofungwa bendeji. "Nimerudia hesabu mara tatu. Sijui nilikosea wapi."

Chiriku, ambaye jina hilo alipewa kwa kupenda kuongea, siku hiyo alikuwa amekaa nyuma ya mama yake. Akasimama.

"Baba mdogo hakukosea. Namba nilizibuni mimi. Sikuwa napanda kilimani."

Mama yake alijifunika uso kwa viganja.

Fundi akabaki kazini. Kwa siku sitini Chiriku alipanda bila kukosa. Siku moja kati ya hizo kipimo kikafika kumi na tisa. Fundi, akihangaika na bisibisi kwa mkono wa kushoto, akafunga panga jipya na breki kubwa ya kumudu kasi hiyo. Jokofu likanguruma tena.

"Nisamehe, baba mdogo."

"Nimekusamehe, ila vidole havitarudi," alijibu taratibu. "Kama ungeniletea daftari tupu, ningekukaripia, kisha ningepanda kupima mwenyewe. Kuchoka si kosa, mwanangu. Kosa ni kuniletea uongo, nami nikauamini."

Chiriku aliinama, akaanza kumwokotea skrubu alizoziangusha.