Binti Aliyeitwa kwa Jina la Mama Yake

Treni ya Tabora iliingia Shinyanga katikati ya msimu wa pamba, stesheni imejaa makuli na wachuuzi. Zamoyoni, binti wa Mzee Maulidi, alikuwa amejifunga kanga nyekundu, sinia la vitumbua mkononi. Kijana mmoja mwenye kanzu nyeupe alishuka kinyumenyume akipokea mizigo, akampiga kumbo. Vitumbua vikamwagika.

"Kaka, macho umeyaacha Tabora?"

"Niliyaacha. Sasa nimeyapata," alijibu, akimtazama.

Zamoyoni alicheka bila kupenda.

Kijana aliitwa Sabiti, mkalimani wa daktari wa Kizungu aliyezunguka akiwauliza wazee wanalalaje, wanakumbuka nini, nini kinawafurahisha, apate kujua uzee unavyoichosha akili. Jioni Sabiti alifuata vitumbua hadi nyumbani, na kesho yake tena, mpaka akazoea kuketi barazani na Mzee Maulidi, na Zamoyoni akazoea kumngoja. Mzee alikuwa ameanza kusahau. Alipotea njia ya msikitini. Mara nyingine alimwita Zamoyoni kwa jina la Chausiku, mkewe, mama wa binti huyo, aliyefariki zamani.

"Usimwambie daktari wako," Zamoyoni aliomba. "Watu watasema baba ana wazimu."

"Sitamwambia, mpenzi."

Hakumwambia. Ila daktari alipita nyumba kwa nyumba, na asubuhi moja akaingia kwa Maulidi, Sabiti nyuma yake. Zamoyoni aliporudi kutoka kisimani alimkuta baba yake analia, amejifunika uso kwa kilemba. Daktari alikuwa ameshatoka.

"Mmemfanya nini?"

"Aliulizwa habari za mkewe," Sabiti alisema kwa sauti ndogo. "Akaniuliza mbona anachelewa kurudi. Nikamwambia ukweli, kwamba alishafariki."

"Alimzika mwenyewe, Sabiti. Leo umefanya amfie tena. Kumbe vitumbua vilikuwa njia ya kumfikia baba yangu?"

"Zamoyoni, wallahi..."

"Toka."

Akatoka. Daktari alihamia upande wa Geita, kwenye machimbo ya dhahabu, na Sabiti akamfuata.

Alirudi peke yake baada ya mavuno, amekonda. Maulidi alikuwa barazani, hakumtambua.

"Kijana, umemwona Chausiku?"

"Shikamoo, baba. Yuko njiani."

"Marahaba. Basi keti, atatupikia."

Zamoyoni aliyasikia hayo kutoka uani. Alitoka na kata ya maji, akampa Sabiti.

"Sikuja kwako kwa ajili ya kazi," Sabiti alisema.

"Najua. Hata siku ile nilijua. Nilikuwa na uchungu tu."

Wiki hiyo Sabiti alileta mshenga. Mzee Maulidi aliwasikiliza kwa adabu, kisha uso ukamkunjamana.

"Mnakuja nyumbani kwangu kumposa mke wangu?"

Mzee aliushika mkono wa binti yake, akakataa kuuachia mpaka wageni walipoondoka.

Jioni Sabiti alimkuta Zamoyoni anapepeta mchele.

"Baba yako mdogo anaweza kukuozesha. Nitahamia hapa, tutamtunza pamoja."

"Ukiingia chumbani kwangu, yeye ataona nini?"

Sabiti aliinama, akaokota punje za mchele zilizomwagika.

"Ataona mwanamume anamchukulia Chausiku," Zamoyoni alisema. "Kila siku ataona upya. Mimi siwezi."

"Nitakusubiri."

"Hapana. Nikikwambia unisubiri, nitaanza kuombea baba yangu afe. Nenda, mpenzi wangu."

Akaenda Geita, akapata kazi machimboni.

Maulidi aliishi miaka mingi, mwili mzima, akili ikiyeyuka. Alipozidiwa, Sabiti alisikia habari, akafika siku aliyofariki, kabla ya maziko. Mzee hakuwa na mtoto wa kiume. Sabiti alishuka kaburini pamoja na jamaa kuupokea mwili.

Baadaye, uani, Zamoyoni alimwekea ubwabwa. Mvi zilikuwa zimeanza kumtokea chini ya mtandio.

"Wa nyumbani hawajambo?" aliuliza.

"Hawajambo. Mtoto wa pili ameanza kutembea."

"Alhamdulillahi," Zamoyoni alisema. Akammiminia maji ya kunawa, taratibu, mpaka maji ya kata yakaisha. "Karibu chakula, kaka Sabiti."