Binti Aliyetafuniwa Masomo

Ndugu zangu, nyumba ninayowasimulia ilikuwa na utulivu wa kuonewa wivu. Kila jioni baba, mwalimu mstaafu, alivaa visikilizi akatazama video za masomo ya bintiye. Binti, kitindamimba wao, alisomea tiba ya viungo chuo kikuu, na mhadhiri wake alikuwa na utaratibu wake: somo litazamwe nyumbani, darasani waje kujadiliana na kufanya kwa mikono. Binti yeye alijinyoosha kwenye kochi akichezea simu, akingoja baba amalize amsimulie kwa kifupi.

"Mzee, utamtafunia mpaka lini?" mama aliuliza, akikunja nguo.

"Mpaka aote meno," baba alijibu, wote wakacheka. Msimlaumu upesi, mapenzi yametuponza wengi.

Darasani binti alikariri maelezo ya baba, akasifiwa.

Asubuhi moja baba alianguka bafuni akinyoa ndevu. Kiharusi. Alirudi kutoka hospitali mkono umelegea, maneno hayatoki.

Haukupita muda, chuoni wakafikia somo la wagonjwa wa kiharusi. Binti akafungua video mwenyewe kwa mara ya kwanza, ikampita kama redio ya jirani. Hakujua asimamishe wapi, ajiulize nini, arudie lipi. Akampelekea baba. Mzee akatazama, akafungua kinywa amweleze. Ikatoka milio tu. Akageukia ukutani akilia.

Darasani aliambiwa aonyeshe namna ya kuinua mkono uliopooza. Akauvuta mkono wa mwenzake kama kamba, hadi mwenzake akaguna. Wenzake wakatazama chini. Baadaye mhadhiri alimwita kando.

"Akili unayo," alimwambia. "Ila hujawahi kusoma peke yako."

Alifeli, akarudia mwaka. Nyumbani aliogopa hata kumgusa baba. Mama ndiye aliyemgeuza kitandani, mgongo ukimuuma. Pole pole binti akajizoeza kusimamisha video, kuifunika, kujieleza alichoelewa, na kubeba maswali yake hadi darasani. Hatimaye akaweza kuuinua mkono mlegevu wa mgonjwa bila kuuumiza.

Kufikia siku hiyo, baba alikuwa ameshazikwa.

MAFUNZO

Mzazi, kaa karibu na mwanao anaposoma, lakini usimsomee. Nawe mwanafunzi, somo la nyumbani lifanye mwenyewe, hata likikutoa jasho. Anayekusomea leo anakupenda, ila kesho huenda asiweze kusema.