Maneno ya Kijiko Kinywani Mwangu

Kila siku baada ya shule nilipitia banda la video la shangazi, nikafagia na kupanga mabenchi. Filamu zake nyingi zilikuwa za lugha ya kigeni, kwa hiyo alikaa kando ya televisheni na maikrofoni, akiwasemea waigizaji kwa Kiswahili. Watafsiri wengine wote mtaani walikuwa wanaume, na shangazi hakuwa na hamu nao.

"Wanawake wawili wakionekana pamoja tu, eti wanagombania bwana!" alilalamika. "Hata kama wanajenga ukuta!"

Jumamosi ile wasichana wa shule yetu wangekuja kutazama filamu ya mafundi wawili wa kike, marafiki wanaopambana na tajiri mwenye kiwanda. Shangazi alitaka msichana ndiye atafsiri. Mimi sauti ninayo, ila lugha yenyewe siijui hata ya kuombea maji. Aliyeijua ni rafiki yangu Kijiko, tuliyemwita hivyo kwa wembamba wake. Wiki mbili nzima alinitafsiria nakala aliyonipa shangazi, neno kwa neno, nami nikakariri.

Ijumaa, shangazi alipouliza nani katafsiri, nikajibu haraka, "Mimi, peke yangu."

Sijui nilipitiwa na nini. Kijiko alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia, akaondoka.

Jumamosi banda lilijaa hadi mlangoni. Nilianza vizuri, wenzangu wakapiga makofi. Mara ikatokea sehemu ambayo sijawahi kuiona! Kumbe shangazi alikuwa ametafuta nakala nzima. Ile tuliyokariria ilikuwa imekatwakatwa. Jasho likanitoka. Nikaivuta maikrofoni hadi ikagonga meno yangu. Nikaropoka lililokuja:

"Mwizi wa mume wangu we! Leo utanitambua!"

Kwenye televisheni, fundi mmoja alikuwa anamfunga mwenzake bandeji mkononi.

Banda likaangua kicheko. Shangazi akanigeukia, macho yamemtoka. Niliogopa mno, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nyuma kabisa nilimwona Kijiko. Yeye tu ndiye hakucheka, na hilo lilinitisha kuliko kicheko chote.

"Nilidanganya," nikasema, na maikrofoni ikalitangazia banda zima. "Aliyetafsiri ni Kijiko. Mimi hapa sielewi kitu."

Shangazi akasimamisha filamu. Kijiko akaja mbele taratibu, akanyoosha mkono. Nikampa maikrofoni.

"Sikuja kukuokoa," alininong'oneza. "Nimewahurumia hao mafundi wawili."

Sauti yake ilikuwa ndogo, watu wakasogea mbele wasikie. Hakuna aliyecheka tena. Fundi wa filamu alipomwambia mwenzake, "Hatutoki hapa mmoja mmoja," wasichana walishangilia hadi mabati yakatikisika.

Filamu ilipokwisha nilimwomba Kijiko msamaha, nikilia. "Nimekusamehe," akasema hatimaye, "ila usirudie. Iliniuma sana."

Shangazi akaniketisha karibu naye.

"Unajua kwa nini wale watafsiri wananiudhi? Si kwa kuwa ni wanaume, mwanangu. Ni kwa sababu wanawanyang'anya wanawake maneno yao. Nawe jana ulimfanyia nani hivyo?"

"Rafiki yangu," nikajibu.

"Basi filamu za wanawake wanaosaidiana hazitakufaa kitu, ukiishia kuzitazama tu. Kazi ya mwenzako ni yake. Iseme hivyo, hata kama wewe ndiye umeshika maikrofoni."