Salamu ya Donati Korongoni

Haya yalimpata rafiki yangu Donati, kama mtu wa kujisifu mchana kutwa anaweza kuitwa rafiki. Ilikuwa miaka ile ya kuhamia vijiji vya ujamaa, naye kwa kupewa baiskeli mpya tu alijiona mwenye milima yote ya Kilosa.

Asubuhi hiyo alitumwa kutoka Kidete kwenda Lumuma, akawaambie wakulima wa mlimani kwamba kesho lori linakuja kuwahamisha. Njia ya kokoto hupita korongoni, mahali jua lisipofika, na kila apitaye hushuka, akasukuma baiskeli yake na kuwaamkia wazee waliozikwa pale.

Donati ashuke? Thubutu! Alipiga kengele, mwangwi ukairudisha tena na tena. Ndipo huyo mpumbavu akapaza sauti kwa dhihaka, "Shikamoo, babu mifupa!"

Mwangwi haukurudisha kitu. Ulisikika mto tu.

Jioni, akirudi kwa njia ileile, keria tupu ililia kwenye kila jiwe, na pedali zilikuwa nzito hata mteremkoni. Akamtukana fundi njia nzima. Shujaa kweli!

Alipofika nyumbani, mkewe Perpetua alikuwa jikoni, kule uani. Donati akaingiza baiskeli chumbani, akaiegemeza ukutani, akainama gizani kupapasa kibiriti.

Nyuma yake sauti ya mzee ikaitikia taratibu, "Marahaba, mjukuu wangu."

Kisha keria ikalia mara moja, kama inavyolia abiria anaposhuka.