Aliyeomba Kutwikwa

Mwaka 1954, nikiwa likizoni kutoka Makerere, nilimsindikiza wifi yangu Marietha kwa mama yake, juu ya mlima. Kwetu Iramba mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa wazazi wa mwanamke. Lori la abiria la Shelui lilikuwa bovu, na siku za Marietha za kujifungua zilikuwa zimekaribia sana. Tukapanda kwa miguu tangu alfajiri.

"Msomi unahema kuliko mimi mwenye tumbo," alinicheka. "Huko Makerere mnafundishwa kukaa tu?"

"Nyamaza, utazaa njiani."

"Nikizaa, utambeba wewe."

Jua lilikuwa linazama tulipokaribia kilele. Kila mara nilitazama nyuma, sijui kwa nini. Ndege walikuwa wamenyamaza. Kisha ikaja harufu... maziwa yaliyochacha, na damu.

Kwenye kona alisimama bibi mmoja. Miguuni pake palikuwa na kapu lililofunikwa ngozi ya mbuzi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nitwikeni, wajukuu zangu."

Kwetu huwezi kumpita mtu ambaye mzigo wake uko chini. Hata adui yako unamtwika. Niliinama. Bibi akausukuma mkono wangu kwa fimbo.

"Wewe hujabeba kitu bado. Huyu."

"Ana mimba, bibi," nilinong'ona.

"Naona."

"Acha, wifi," Marietha alisema kwa haya. "Ni kapu tu."

Akashika upande mmoja, bibi akashika wa pili. Kapu lilikuwa tupu. Niliona wazi, ngozi ilikuwa imebonyea katikati. Wakainua...

Marietha akaguna.

Ngozi ikatuna.

Bibi akashika mteremko tulikotoka, shingo imelemewa, bila asante. Sisi tukaendelea kupanda. Mbali, bondeni, mtoto mchanga akalia. Mara moja tu.

"Mbuzi," Marietha alisema upesi.

Nikaongeza mwendo.

Giza lilikuwa linaingia tulipobisha hodi. Mama yake, mkunga wa kijiji kile, alitoka na koroboi akicheka, akaweka kiganja kwenye tumbo la mwanawe.

Kicheko kikakatika.

"Mtoto yuko wapi?"

"Mama, si huyu hapa..."

"Umemtwika nani njiani?"

Marietha akajishika tumbo. "Bibi mmoja. Bibi tu, mama."

Mama alirudi nyuma polepole. Machozi yalimtoka, lakini mkono wake haukusita. Akafunga mlango. Tukasikia gogo likiburutwa kuuzuia.

"Mama! Nifungulie!"

"Wewe ningekufungulia," sauti ilisema ndani. "Hicho ulichokuja nacho, hapana."

Marietha akanigeukia. Akaunyakua mkono wangu, akaubana tumboni.

"Anacheza, Selina. Sikia. Si anacheza?"

Kweli, kulikuwa na kitu. Chini ya ngozi yake kilipapasa kiganja changu taratibu, kidole baada ya kidole, kana kwamba kinanitambua.

Kisha kikanishika.